Marwa, Vidole Vyangu Vimenichongea

Nyamwaga, asubuhi, chai bado ya moto

Mura Marwa, kijana mwenzangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ndio ule ule ambao wewe ulikuwa unausema ni kama kuku amepita kwenye majivu. Darasa langu la nne halikunifikisha mbali, lakini limenifikisha kwenye daftari hili, na daftari lenyewe si langu, ni la daktari. Aliniambia kila asubuhi niandike mwili umeamkaje. Nimeandika, Marwa. Kurasa na kurasa za mabega na nyonga, mpaka mke wangu akauliza kama naandika wosia.

Leo nimeamka, nimenyoosha mkono, nimechukua koti msumarini mwenyewe, nimelivaa mwenyewe, kulia halafu kushoto. Nikakaa na kalamu nikakosa la kuandika. Ukurasa umebaki mweupe. Nikasema basi, huu ni wa Marwa.

Huku kwako ni salama. Mahindi yameshika vizuri. Yule dume wako mwenye pembe iliyopinda bado ana tabia zako, anakula shamba la watu halafu anatazama pembeni kama mgeni. Wa rika letu tumebaki watatu. Wewe ndiye uliyetupunguza, na bila kuaga, jambo ambalo bado nimelinunia.

Lakini sikuandikii habari za dume. Nina jambo la kujitetea, na wewe ndiye hakimu, kwa sababu nililokosea nilikukosea wewe.

Siku tulipokuzika hukuona, ulikuwa umeshalala. Familia walimaliza kuweka udongo wao, ikawa zamu yetu, wale tuliotahiriwa pamoja na wewe. Unajua ilivyo kwetu. Mtu wa rika hafunikwi na mikono ya wengine wakati wenzake wapo. Wale wawili wakatia udongo. Beleshi likaletwa kwangu. Mimi nikatia mikono mfukoni, Marwa. Nikatikisa kichwa.

Uwanjani ukaanza mnong'ono. Wengine wakasema ni ile kesi ya mpaka wa shamba. Wengine wakasema nilikuonea wivu tangu ujana, na hapo walikuwa na ukweli kidogo. Binti yako Rhobi alinitazama kwa macho yako yale ya kuuliza bei ya ng'ombe mgonjwa. Nikaondoka kabla ya chakula. Mimi, kuondoka kabla ya chakula. Hapo tu mtu mwenye akili angejua ninaumwa.

Ukweli ni huu. Asubuhi ile mke wangu ndiye aliyenivalisha, kama unavyomvalisha mtoto wa kubatizwa. Mikono yangu ilikuwa haipandi kupita kifua. Nyonga zilikuwa zimekaza, nikitaka kutoka kitandani najiviringisha kwanza kama gunia. Ningelishika lile beleshi ningelia mbele ya watu. Na mimi na wewe tunajua mtu wa kwetu analia mbele ya watu mara ngapi. Hata mara moja ni nyingi.

Ilikuwa imeanza miezi kabla hujafa. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa nje kwako na vikombe vya togwa? Wewe mkono tumboni, unasema ni gesi tu. Mimi shingo imekaza, nasema nimelala vibaya. Wewe unacheka ninavyoinamisha kichwa kufuata kikombe badala ya kikombe kunifuata. Mimi nacheka mkanda wako unavyoongezewa matundu kila wiki. Waongo wawili kwenye benchi moja. Na kila mmoja alijua mwenzake anadanganya, akakaa kimya kwa heshima.

Heshima gani ile, Marwa. Mpaka leo naitafutia jina.

Najua ilikotoka. Ilitoka asubuhi ile ya baridi, sisi vijana, tumesimama mstari, watu wazima wote wametukazia macho usoni. Kisu hakikuwa kazi. Kazi ilikuwa uso. Usikunje, usipepese, usivute pumzi kwa sauti, maana ukifanya hivyo baba yako atatembea ameinama mpaka kaburini. Mimi nilisimama baada yako. Na nilikuona. Jicho la kushoto. Ulipepesa, mara moja, haraka kama mjusi, na wote walikuwa upande wa kulia isipokuwa mimi.

Sikusema. Miaka yote ile sikusema kwa mtu, hata siku uliyoniuzia mbuzi tasa. Ila ulipokuwa unajisifu kwenye vikao, mimi nilikuwa najigusa jicho la kushoto polepole, kama ninayewashwa, na wewe unageuza mazungumzo kwenda kwenye mvua. Nakukumbusha tu. Nitarudi hapo.

Basi, baada ya kukuzika, nikaanza kutafuta tiba kimya kimya. Zahanati walinipima damu, malaria hakuna, wakanipa vidonge vya maumivu na pole. Nikaenda kwa mganga mmoja upande wa Kerende, akanichanja chale mabegani na kuniambia kuna jirani ameniwekea kitu. Nikamwuliza jirani gani, kwa sababu nina majirani wanane na wote wana sababu. Sirari nikakutana na muuza dawa wa chupa, anasema inatibu magonjwa arobaini. Nikamwambia mimi nina moja, anipunguzie.

Halafu hospitali ya kwanza ya maana. Wakanipiga picha. Daktari akaishika kwenye mwanga, akasema, "Mzee, mifupa yako ni ya umri wako." Nikamwuliza alitegemea iwe ya umri wa nani. Hospitali ya pili nikakuta daktari wa mifupa hasa, mtu mwema, ana haraka. Akasema, "Inua mikono juu." Sasa, Marwa, kulikuwa na watu kwenye kile chumba. Nesi mmoja, vijana wawili wanaojifunza kazi. Wote wameniangalia usoni. Nikainua. Mpaka juu. Sikukunja hata unywele wa nyusi. Akaniuliza, "Unasikia maumivu?" Nikasema, "Kidogo, ni uchovu."

Akaandika. Baadaye Rhobi alinisomea ile karatasi: mgonjwa anainua mikono bila shida. Nilijivuna, mwenzangu. Nilikuwa nimedanganya hospitali nzima, nikarudi nyumbani nikashindwa kujikuna shingo.

Sasa nikueleze Rhobi aliingiaje, maana hapa ndipo nataka usikilize vizuri, acha kujifanya umekufa.

Alikuja likizo kutoka Issenye anakofundisha sekondari. Akaja kwangu moja kwa moja, akasema shikamoo, akakaa, hakunywa chai. Akasema, "Tata, kwa nini hukumtilia baba udongo?" Ananiita Tata, kama alivyokuwa anakuita wewe, na siku hiyo lile neno lilikuwa zito. Nikaanza kutafuta uongo mzuri. Kabla sijaupata, mke wangu akaniwekea uji mbele, na mimi nikainama kuufuata. Rhobi akaangalia. Akaangalia koti lililofungwa kifungo cha juu na mtu mwingine.

Halafu akasema, "Kumbe na wewe."

Basi. Maneno matatu. Ningependa anitukane.

Aliniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba mara ya mwisho alipokupeleka hospitali ulimwambia atoke nje ya chumba cha daktari, eti ni mambo ya wanaume. Akatoka. Ukamwambia daktari ni gesi. Ukapewa dawa ya gesi. Alipokuja kujua kwamba si gesi, wewe ulikuwa umebakiwa na wiki chache. "Nilitoka nje, Tata," akasema. "Alinitoa nikatoka." Hakulia. Ni binti yako. Lakini alishika kile kikombe cha chai ambayo hakuinywa kama anakivunja.

Mimi sikuwa na mzaha wowote, Marwa. Unaweza kumuuliza mke wangu, alishangaa.

Kuanzia hapo nikawa mali ya Rhobi. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Saa ngapi inauma zaidi? Asubuhi. Mchana je? Mchana nakuwa mtu. Jioni naweza hata kufunga zizi. Hospitali ulikuwa unafika saa ngapi? Nikamwambia mchana, kwa sababu asubuhi siwezi kupanda bodaboda. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeandika jina lake vibaya. "Kwa hiyo daktari hajawahi kukuona ukiumwa. Amekuona ukiwa umepona." Akaniambia tena, "Na hizo hospitali zote umewaona watu wa mifupa. Labda si mifupa." Alikuwa ameuliza huko na huko, akasikia kuna daktari wa magonjwa ya ndani anayekuja kwa siku maalumu kwenye hospitali moja huko Serengeti. Siyo wa kupasua, wa kuuliza.

Nakumbuka nilivyokucheka ulipoamua huyu mtoto asome, asiolewe kwanza. Nilikuambia unafuga ng'ombe asiyekamuliwa. Nafuta neno hilo hapa kwa kalamu, kwenye daftari la serikali, au la daktari, sijui ni la nani. Nafuta.

Akanipeleka Issenye tukalala kwake, ili niamkie karibu na hospitali. Asubuhi alinikataza kunyoosha viungo. Akanikataza maji ya moto. Akasema, "Twende hivyo hivyo kama ulivyoamka." Nilitembea mpaka kwenye ile bodaboda kama meza. Vijana wa Issenye wakanipa shikamoo kwa huruma, nikaitikia marahaba kwa hasira.

Daktari alikuwa mwanamke, mfupi, ana miwani, umri wa mjukuu wangu wa pili. Akaniamkia vizuri. Nikamwambia Rhobi atoke nje, kuna mambo ya kiume hapa. Lilitoka lenyewe mdomoni, Marwa, sikulipanga.

Rhobi akasema, "Sitoki. Wa kwanza alinitoa."

Akavuta kiti akakaa mbele ya mlango.

Daktari hakuuliza kuna nini. Akaniambia niinue mikono. Nikafikiri, hii kazi naijua. Nikainua polepole, uso umetulia kama maji ya mtungi. Ilikuwa asubuhi, ilikuwa kama mtu ananichana mabega kwa msumeno, lakini uso wangu ungeweza kupigwa picha ya kuuzwa. Nikasubiri aandike kama wenzake.

Hakuandika. Hakuwa hata ananiangalia usoni. Alikuwa anaangalia chini. Nilikuwa nimevaa katambuga zangu, na vidole vya miguu, mwenzangu, vilikuwa vimejikunja vyote kumi, vimeshika ile raba ya tairi kama kuku ameshika tawi kwenye upepo.

Akasema, "Babu, uso wako umefundishwa vizuri sana. Vidole vya miguu mlisahau kuvifundisha."

Marwa, nilivitazama. Miaka yote. Kumbe hata asubuhi ile ya kisu vilikuwa vinajikunja, na wazee wote wale wenye macho makali hakuna aliyetazama chini. Ningeweza kucheka. Nilikaribia kucheka.

Akavuta kiti karibu, akasema taratibu, "Hapa hakuna kisu na hakuna anayekuhesabia. Mimi kazi yangu siwezi kuifanya ukinificha. Niambie asubuhi ya leo."

Nikamtazama Rhobi mlangoni. Alikuwa anatazama mikono yake. Nikaona jinsi alivyotoka nje ile siku yako. Nikaona ninyi wawili mnavyonisubiri, yeye upande huu na wewe upande huo, na mimi katikati na uso wangu mzuri.

Nikasema, "Inauma."

Neno dogo hivyo. Nilidhani paa litaanguka. Daktari hakushtuka hata. Nikasema tena, inauma mabega, inauma nyonga, mke wangu ananivalisha, nilimwangusha mtoto wa mwanangu kwa sababu mikono iligoma, sikumtilia rafiki yangu udongo. Hilo la mwisho halikuwa la daktari, lakini lilikuwa limeshika mkia wa yale mengine, likatoka nayo. Rhobi akafunika uso. Mimi sikufunika, sikuwa na mikono ya kufunikia.

Daktari akaacha litoke lote. Halafu akauliza maswali mengi, mpaka ya kichwa na macho, kama kichwa kinauma pembeni, kama naona vizuri. Akanitoa damu ya kupima. Majibu yaliporudi akatueleza kwamba picha inaonyesha mfupa, na shida yangu haikai kwenye mfupa, kwa hiyo picha zote zingeendelea kusema mimi ni mzima. Ni kinga ya mwili imegeuka. Nimeielewa hivi: mbwa wa zizi ameacha kubwekea fisi, anamng'ata mwenye zizi. Nilipomwambia hivyo akasema ndivyo, na akasema atamwazima mbwa wangu awe wa kuwafundishia wagonjwa wengine.

Akanipa vidonge vidogo, vyeupe, vya kudharaulika. Akaniambia maneno makali kuliko vidonge: nisiviache ghafla hata nikipona, atakuwa ananipunguzia mwenyewe kidogo kidogo, nirudi kila anaponiita apime sukari na presha. Na niandike kila asubuhi, ukweli mtupu. "Usiniandikie uchovu," akasema. "Uchovu siutaki humu."

Siku ya tatu nilijikuna shingo. Unaelewa hilo, Marwa? Nilikaa kitandani nikajikuna shingo bila sababu, halafu mgongo, halafu nikamwita mke wangu aje aone. Akasema nimechelewa kumshangaza kwa miaka hamsini. Lakini alienda jikoni, na nilimsikia anapenga kamasi.

Sijapona kama kijana. Kuna asubuhi mbaya, nazo nimeziandika. Uso umejaa kidogo kwa ile dawa, mke wangu anasema nafanana na diwani. Lakini nakata nyama mwenyewe, nafunga zizi mwenyewe, na daktari aliposoma daftari langu alisema hajapata mgonjwa anayeandika ukweli mwingi hivi. Mimi. Najivuna mpaka naona aibu, halafu najivuna tena.

Na yule binti yako, huyo ndiye nitakayemjivunia mpaka nije huko. Alimtafuta daktari wangu kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea, hakuchoka, hakukubali kuambiwa ni uzee. Ungemwona amekaa mbele ya ule mlango. Wewe na mimi tulisimama mbele ya kisu tukadhani ule ndio ujasiri. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki.

Sasa nije kwa lile la kwanza.

Mvua zimelididimiza kaburi lako upande wa kichwani. Rhobi alitaka kuleta fundi amwage zege. Nikamwambia ngoja, kuna udongo wa mtu mmoja haujaingia humo. Jana asubuhi, saa ile ile ambayo mwili wangu ulikuwa unanikatalia, nimekuja na beleshi. Wale wawili wa rika wamekuja pia, nimewaita kwa makusudi. Rhobi alisimama pale pale aliposimama ile siku. Nikachota. Nikainua. Iliuma kidogo begani, na nikasema kwa sauti, "Inauma kidogo," wote wakasikia, yule mkubwa wetu kwa umri akakohoa kwa aibu kama nimevua suruali. Nikamwaga. Nikachota tena. Nimemwaga mpaka kaburi limekaa sawa, Marwa, na sikuacha mtu mwingine aguse.

Rhobi akaja akachukua beleshi mkononi mwangu, akasema, "Asante, Tata." Macho ya bei ya ng'ombe yalikuwa yameondoka.

Tulipomaliza, yule mkubwa wetu akanivuta pembeni. Ana goti ambalo miaka miwili anasema ni la baridi. Nilimtazama miguuni. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika, mjanja. Nikamwambia avue. Amekubali kwenda, na Rhobi ndiye atakayemsindikiza, na hatatoka nje ya chumba.

Hii ndiyo ahadi yangu, mwenzangu: hakuna wa rika letu atakayekuja huko kwa gesi tena. Nitakaa mlangoni mwenyewe ikibidi.

Lala salama kwenye udongo wako, sasa umetimia. Siri yako ya jicho la kushoto bado ninayo, nitakuja nayo ikiwa nzima. Ya kwangu usinitunzie. Waambie wazee wetu wote huko, hasa wale waliokuwa wanatutazama usoni: Mwita alisema inauma, mbele ya wanawake wawili, na hakuna kilichoanguka.

Ni mimi, mwenzako wa mstari ule,

Mwita